KIA, Uwanja wa Tambarare ya Sanya

Ukitoka Moshi kwenda Arusha, ukiipita Bomang'ombe, migomba ya Machame inakuwa imebaki juu mlimani. Mbele yako ni tambarare ya Sanya: nyasi kavu, migunga, vumbi, na ng'ombe wa Wamaasai wakivushwa barabara taratibu huku magari yakisubiri. Kwenye njia panda, bodaboda wamejipanga kungoja abiria wanaoshuka kwenye mabasi. Barabara ya kushoto inaingia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao huku kila mtu anauita KIA.

Mgeni hushangaa kwa nini uwanja mkubwa hivi umewekwa mbali na mji. Arusha ina uwanja wake, lakini uko chini ya Mlima Meru, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ilikuwa fupi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta na watu inahitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kuacha ardhi. Sanya iko mita 894 tu, ni pana, tena iko katikati ya Arusha na Moshi, kwa hiyo hakuna mji uliopendelewa. Hapo ikajengwa njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600, inayotosha ndege kubwa zinazovuka mabara. Fedha zilikuwa mkopo wa Italia, na uwanja ukafunguliwa mwaka 1971.

Nia yake ilikuwa ya kiuchumi na ya kisiasa kwa pamoja. Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro viko Tanzania, lakini watalii wengi walikuwa wakishukia Nairobi, wakalala huko, wakakodi magari huko, kisha wakavuka mpaka wa Namanga kwa siku chache na kurudi walikotoka. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaka mgeni atue moja kwa moja kaskazini mwa Tanzania na fedha yake ibaki hapa. Naona uamuzi huo ulikuwa wa kijasiri na wa haki, hata kama matunda yake yalichelewa.

Kuchelewa kwenyewe kulikuwa kwa miaka mingi. Mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, na mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mtu angedhani sasa KIA ndiyo ingefaidi. Haikuwa hivyo. Watalii walibaki Kenya, Shirika la Ndege la Tanzania lilikuwa changa lenye ndege chache, na uwanja uliojengwa kwa ajili ya ndege kubwa ukawa mkimya kwa sehemu kubwa ya siku. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983.

Kilichouamsha kilikuwa mchanganyiko wa mambo. Utalii ulirudi polepole, na ndege za KLM zikawa kiungo kikuu cha kaskazini na Ulaya. Kisha Arusha ikawa mji wa mikutano mizito. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliweka makao yake pale mwaka 1995 na kukaa hadi 2015, ikileta majaji, mawakili na mashahidi kutoka pande zote za dunia. Agosti 2000, Rais Bill Clinton alikuja Arusha kwenye mazungumzo ya amani ya Burundi, akipitia KIA.

Uendeshaji nao umebadilika mikono. Mwaka 1998 ilianzishwa KADCO, kampuni ya ubia kati ya serikali na wawekezaji binafsi. Baadaye serikali ilinunua hisa zote, na mwaka 2023 uwanja ukarudishwa chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Katikati ya hapo, kwa msaada wa Uholanzi, jengo la abiria lilipanuliwa na njia za ndege zikakarabatiwa.

Desemba 2013 watu wa Arusha walijionea wenyewe kwa nini Sanya ilichaguliwa. Ndege ya Ethiopia aina ya Boeing 767 yenye watu zaidi ya 200 ilikuwa inakuja KIA, lakini njia ya kurukia ilikuwa imezibwa na ndege ndogo iliyopata hitilafu. Badala yake ikatua uwanja mdogo wa Arusha na kuishia kwenye majani. Hakuna aliyeumia, lakini hapakuwa na ngazi ya kufikia mlango wa ndege kubwa kiasi kile, na abiria walikaa ndani kwa saa kadhaa.

Kuna pia la aibu. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga, walipakiwa KIA usiku na kutoroshwa nje ya nchi. Uwanja uliojengwa ili watu waje kuwaona wanyama ukatumika kuwaondoa.

Jambo linaloniuma zaidi ni ardhi. Eneo la KIA linakadiriwa kuwa zaidi ya hekta 11,000, na ndani yake au pembeni wamo wafugaji na wakulima wa Sanya Station, Tindigani, Rundugai na vijiji vingine. Mgogoro wa mipaka umedumu miongo, na wapo wazee waliozaliwa pale kabla ya ndege ya kwanza kutua. Uwanja unahitaji nafasi ya kukua, hilo halina ubishi. Lakini mtu anayeondolewa kwenye malisho ya baba yake anastahili kusikilizwa kwanza, na kulipwa kiasi kinachomwezesha kuanza maisha mahali pengine.

Na bado kazi ya mwaka 1971 haijaisha. Watalii sasa wanatua KIA kwa wingi, ila sehemu kubwa ya maua na mboga za Arusha na Kilimanjaro bado inapandishwa malori hadi Nairobi ndipo isafirishwe. Wenye mamlaka wajenge vyumba vya baridi vya kutosha pale Sanya na wavutie ndege za mizigo zenye ratiba ya kudumu, ili mkulima wa Hai na Arumeru naye autumie uwanja ulio mlangoni kwake.