Jina la Fisi: Kiswahili na Mtoto wa Bara katika Filamu za Katuni

Filamu ya katuni iitwayo The Lion King ilipotolewa nchini Marekani mwaka 1994, majina kadhaa ya wahusika wake yalieleweka mara moja kwa msemaji wa Kiswahili: Simba, Rafiki, na Pumbaa, lenye asili ya kitenzi kupumbaa. Fisi mmoja jike aliitwa Shenzi. Majina hayo hutajwa kama ushahidi kwamba Afrika Mashariki ilipata nafasi katika hadithi za watoto wa dunia. Hata hivyo, filamu hiyo ilitolewa pia kwa sauti za Kizulu, ilhali Kiswahili, kilichotoa majina, hakikupewa heshima hiyo. Uwakilishi, basi, haupimwi kwa kuhesabu majina. Hupimwa kwa kuuliza ni nani amepewa jina gani, na ni nani anayesema kwa lugha yake.

Neno shenzi halikubuniwa Hollywood. Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilipotoka Bagamoyo kuelekea Tabora, watu wa mwambao waliwaita wenyeji wa bara washenzi, yaani watu wasio na ustaarabu. Walowezi wa Kiingereza nao walilichukua neno hilo likiwa na dharau yake. Katika filamu, fisi huishi nje ya mpaka wa ufalme, mahali ambapo mwanga haufiki. Mwandishi wa filamu huenda hakuijua historia hiyo. Neno lenyewe liliibeba.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri zaidi mahali kama Buzwagi, wilayani Kahama, katika Mkoa wa Shinyanga. Hiyo ndiyo bara iliyokuwa ikisemwa. Mgodi wa dhahabu ulioanza uzalishaji mwaka 2009 na kufikia ukomo mwaka 2021 uliwakutanisha watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kuelewana. Nyumbani, mtoto wa huko aweza kusikia Kisukuma, Kinyamwezi au Kisumbwa. Kwake yeye, jina la yule fisi si mzaha wa kigeni tu, bali ni jina walilowahi kuitwa mababu zake.

Hali imebadilika kwa hatua. Mwaka 2010 ilianza kuonyeshwa Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa uchoraji ulioasisiwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam. Picha na ngano zilikuwa za Kiafrika, lakini wanyama wake walizungumza Kiingereza. Mwaka 2014 ikafuata Ubongo Kids ya Tanzania, ambamo watoto wa Kiafrika hufikiri, hubishana na kukokotoa hesabu kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini Kiswahili kinapodai haki yake mbele ya Kiingereza, hakina budi kujiuliza kinawatendea nini Wasukuma, ambao ndio kabila kubwa kuliko yote nchini.

Wasukuma wana ngano ya Shing'weng'we, zimwi lililowameza watu wote isipokuwa mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha. Mwanawe, Masala Kulangwa, alikua, akamuuliza mama yake watu wako wapi, akaenda kulitafuta zimwi, akaliua na kulipasua tumbo. Watu wakatoka wakiwa hai. Bikizee mmoja aliyekatwa sikio katika kupasua huko hakushukuru. Alitaka kulipiza kisasi.

Ngano hiyo ina zimwi, ushujaa na shukrani iliyokosekana. Haikosi chochote ambacho filamu ya watoto huhitaji. Kazi ya wanaisimu ni kuzikusanya ngano za namna hii kwa lugha zake kabla ya kuzifasiri, na kuyalinda majina yake. Shing'weng'we hahitaji kubatizwa upya ili aeleweke Dar es Salaam. Mtoto wa pwani aweza kujifunza kulitamka jina hilo, kama mtoto wa Buzwagi alivyojifunza Kiswahili.