Mgomo wa chakula Makerere, 1952



Mtoto akirudi likizo na kusema posho ya shuleni ina wadudu, wengi wetu hapa Kalerwe humjibu: "Nyamaza usome, ada yako imetutoa jasho." Tunaogopa asije akafukuzwa. Hofu hiyo si ya bure, na kisa kimoja kilitokea karibu yetu kabisa, kwenye kilima cha Makerere.

Mwaka 1952 Makerere kilikuwa chuo cha umma chini ya utawala wa Waingereza, mkuu wake akiwa Bernard de Bunsen. Wanafunzi, waliotoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar, waligoma kwa sababu ya chakula kibaya. Kati ya viongozi wao alikuwa Abubaker Kakyama Mayanja, kijana wa Kiislamu wa Buganda aliyesomea Budo, shule ya Wakristo (wazee wetu wanajua hilo lilikuwa na uzito gani siku zile). Mwaka huohuo yeye na Ignatius Musazi walianzisha chama cha Uganda National Congress, naye akawa katibu mkuu. Kwa hiyo wakubwa hawakuona sahani tu, waliona siasa. Chuo kikamfukuza.

Gavana Andrew Cohen ndiye aliyemsaidia kupata nafasi King's College, Cambridge. Lakini si kila anayefukuzwa hupata Gavana.

Aliporudi akawa waziri wa elimu wa Buganda. Ulimi haukupoa. Mwaka 1968, akiwa mbunge, aliandika barua katika jarida la Transition la hapa Kampala akiikosoa serikali ya Obote. Alikamatwa pamoja na mhariri, Rajat Neogy. Mwaka 1969 mahakama iliwaona hawana hatia, wakarudishwa kizuizini hivyohivyo. Mayanja alifariki mwaka 2005.

Leo kifungu cha 29 cha Katiba ya 1995 kinampa kila mtu uhuru wa kusema, na kinataja waziwazi uhuru wa kitaaluma katika taasisi za elimu. Kimesema "kila mtu", hakikusema "kila mtu mzima". Kuchoma bweni hakumo humo, na mwalimu ana haki ya kutaka adabu. Ila mtoto aliyesema kwa adabu kwamba maharage yana wadudu, amekosa nini? Akija likizo ijayo, tumuulize kwanza alimwambia nani, na alijibiwaje.