Rafael Márquez, Beki wa Mexico

Bila shaka wewe msomaji umepata kuona kwamba katika mchezo wa mpira sifa humwendea mtia mabao, na beki hutajwa zaidi siku ya kushindwa. Kwa hiyo si ajabu ikiwa jina la Rafael Márquez ni geni kwako. Hata hivyo, mtu huyu alikuwa nahodha wa Mexico katika Kombe la Dunia mara tano, tangu mwaka 2002 hadi 2018, na kabla yake hapakuwa na nahodha yeyote duniani aliyefika hapo.

Alizaliwa mwaka 1979 katika mji wa Zamora, na baba yake pia alikuwa mcheza mpira. Alianzia chama cha Atlas, mjini Guadalajara. Mwaka 1999 akavuka bahari kwenda Monaco, na mwaka 2003 akahamia Barcelona, ambako alitwaa ubingwa wa Uhispania mara 4. Mwezi Mei 2006 Barcelona iliishinda Arsenal mabao 2 kwa 1 mjini Paris, na Márquez akawa Mmexico wa kwanza kushinda kombe la mabingwa wa Ulaya.

Hakuwa beki wa kupiga mpira popote mradi utoke. Alipoupata aliinua kichwa kwanza, akatazama, kisha akaupeleka mbali hadi miguuni mwa mwenzake. Nionavyo mimi, kazi hiyo ni ngumu kuliko kutia bao, kwani akikosea nyuma yake yupo mlinda mlango tu.

Lakini usidhani kwamba alikuwa mpole siku zote. Mwaka 2002 kocha Javier Aguirre alimkabidhi unahodha akiwa na umri wa miaka 23, na katika mchezo dhidi ya Marekani, Mexico ikiwa nyuma kwa mabao 2, alimpiga Cobi Jones kwa kichwa akatolewa uwanjani. Nahodha kijana aliwaacha wenzake pungufu.

Tarehe 11 Juni 2010 Kombe la Dunia lilifunguliwa katika ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Johannesburg. Tshabalala aliipatia Afrika Kusini bao, uwanja ukarindima. Zikiwa zimesalia dakika kama 10 hivi, Márquez, beki, alitokea mbele ya goli peke yake, akautuliza mpira na kuutia wavuni. Yamkini wako hapa Afrika ambao hawajamsamehe mpaka leo!

Mwaka 2014, huko Fortaleza, Mexico iliongoza dhidi ya Uholanzi hadi dakika ya 88, bao likarudishwa. Kisha, katika dakika za nyongeza, Robben alianguka mguuni pa Márquez na mwamuzi akatoa penalti. Huntelaar akaifunga. Wamexico wengi hushikilia kwamba haikuwa penalti.

Jaribu zito kuliko yote lilitoka nje ya uwanja. Mwezi Agosti 2017 Wizara ya Fedha ya Marekani ilimwekea vikwazo, ikidai kwamba alimshikia mali mfanya biashara ya dawa za kulevya. Yeye alikanusha. Hata hivyo mwaka uliofuata alikwenda Urusi kwa Kombe lake la tano, na katika mazoezi alivaa fulana isiyo na alama za makampuni ya wadhamini, ilhali wenzake walizivaa. Hebu fikiri, msomaji: mtu wa miaka 39, nahodha wa taifa, amepambanuliwa na wenzake mbele ya macho ya dunia! Siku ile Mexico ilipocheza na Brazil aliongoza timu tangu mwanzo. Walishindwa mabao 2 kwa 0.

Jina lake liliondolewa katika orodha ya vikwazo mwaka 2021. Mwaka 2024 Aguirre, yule yule aliyempa unahodha, alirudi kuifundisha Mexico, na Márquez akaingia naye kuwa msaidizi wake.