Tara ni mmoja, mbona mantra kibao?

Niliacha chuo mwaka wa pili. Tangu hapo, kila nikiongea mambo ya historia lazima mtu aniulize, "Na wewe nani alikufundisha?" Swali hilo liliniuma sana, mpaka nikaanza kusoma kuhusu Ubudha wa Tibet. Kumbe huko hilo ndilo swali la kwanza.

Cheki Tara. Si Mungu muumba. Ni mungu wa kike wa huruma, ambaye Wabudha wanamtafakari na kumwita kwa mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwa tena na tena. Tara wa Kijani anaitwa kwa Om Tare Tuttare Ture Soha. Ya Tara Mweupe inaanza vivyo hivyo, lakini katikati kuna maneno ya kuomba maisha marefu, thawabu na hekima. Mmoja anatamka soha, mwingine svaha. Halafu kuna kundi zima la Tara 21! Sasa ipi ndiyo halisi?

Jibu liko kwa safari. Ubudha haukuingia Tibet siku moja ukiwa kitabu kimoja. Wimbi moja kubwa lilikuja karne ya 8, enzi za mfalme Trisong Detsen. Dola ikaporomoka karne ya 9, kisha wimbi lingine likaanza mwishoni mwa karne ya 10. Atisha, msomi wa India aliyempenda sana Tara, alifika mwaka 1042. Marpa naye, Mtibeti, alivuka milima mwenyewe kwenda kusoma India. Kila mmoja alibeba kile mwalimu wake alimpa.

Na kupewa si mchezo. Mwalimu anakufanyia ibada ya kukuruhusu, anakusomea andiko kwa sauti, kisha anakueleza namna ya kulifuata. Baadaye unaweza kutaja majina: mimi nilifunzwa na huyu, naye na yule. Watu wa Pwani wana neno la mnyororo kama huo wa walimu: silsila.

India walimu walikuwa wengi, kwa hivyo silsila zikawa nyingi. Wale Tara 21, katika silsila ya Atisha, wanafanana sana, tofauti kubwa ni rangi. Katika silsila ya Suryagupta, kila mmoja ana umbo lake, mikono yake na mkao wake. Hakuna aliyekosea. Kila upande ulitunza ulichopokea.

Matamshi je? Mantra nyingi ziliachwa kwa Kisanskriti bila kutafsiriwa, lakini ulimi ulikuwa wa Kitibeti. Svaha ikawa soha, vajra ikawa benza.

Karne ya 19, Jamgon Kongtrul alikusanya mafunzo ya silsila nyingi, zingine zikiwa karibu kupotea. Angeweza kuzipika zote ziwe kitu kimoja. Hakufanya hivyo. Alizihifadhi kila moja kivyake.

Hapo ndipo nilinyamaza. Mimi nilidhani wingi ni fujo, kumbe ni kumbukumbu ya nani alimfunza nani. Ukizichanganya zote, unafuta majina ya watu.

Cheti sina. Lakini siku hizi nikiulizwa nani alinifundisha, sikasiriki. Nasema nimesoma wapi, na pale sijafunzwa, nasema sijafunzwa.

Na wewe, hiyo kitu unasambaza kila asubuhi, ulipewa na nani?