Takwimu: istilahi za mwanzo na aina za data

Takwimu ni elimu ya kukusanya, kupanga na kufasiri data, yaani taarifa ghafi za watu, vitu au matukio. Jambo linalorekodiwa, kama umri au kazi, huitwa kigeu kwa kuwa hutofautiana kutoka mtu hadi mtu.

Data ni za aina mbalimbali. Kwa mfano, mkoani Njombe kuna kata mbili ziitwazo Mjimwema, moja Njombe mjini, nyingine Makambako. Karani akiandika “Mjimwema” tu, haijulikani ni kata ipi, hivyo maeneo hupewa namba za utambulisho. Namba hizo ni majina tu, na kuzitafutia wastani ni kupoteza muda. Hizi ni data za sifa, sawa na jinsi au kazi. Zipo pia data za daraja: parachichi la daraja la pili liko chini ya la kwanza, lakini hiyo haina maana kuwa ni nusu yake.

Data za kiidadi ndizo zinazokubali hesabu. Nyingine huhesabiwa kwa namba kamili, kama watoto wa kaya. Nyingine hupimwa, kama mvua na uzito. Hapo kipimo chenyewe ndicho hukorofisha. Viazi vya Njombe huuzwa kwa gunia, na gunia la lumbesa hushonewa kilemba juu hadi kupita kilo 100 zinazoruhusiwa. Anayehesabu magunia bila mizani amehesabu mifuko, si viazi.

Tuseme magunia matano yana kilo 95, 100, 100, 110 na 145. Wastani ni kilo 110. Mediani, namba ya katikati zikipangwa kwa ukubwa, ni 100. Modi, inayojirudia zaidi, ni 100 pia. Gunia moja tu la kilo 145 limeupandisha wastani, ilhali mediani haikutikisika. Tofauti ya kubwa na ndogo, kilo 50, huitwa masafa.

Katika kukusanya data, sensa huhesabu kundi zima: ile ya Agosti 2022 iliukuta Mkoa wa Njombe na watu 889,946. Utafiti wa sampuli huchagua wachache kwa bahati nasibu ili wawakilishe wote. Utafiti wa VVU wa 2022–2023 ulikadiria maambukizi ya asilimia 12.7 kwa wakazi wa Njombe wenye miaka 15 na zaidi. Hayo ni makadirio, na husomwa pamoja na kiwango chake cha kosa. Sampuli ikiwa ndogo, kiwango hicho hupanuka.