Maktaba Kuu ya Taifa na Wasomaji Wasio na Darasa

Tarehe 9 Desemba 1967, Tanganyika ilipotimiza miaka sita ya uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Azimio la Arusha lilikuwa na miezi kumi tu, na watu wazima walio wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Kuwajengea nyumba ya vitabu wakati huo ulikuwa ujasiri, na ulikuwa uamuzi sahihi.

Huduma za maktaba zilikuwa zimeundwa kwa sheria ya 1963. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Max Broome, Mwingereza, baadaye E. E. Kaungamno akawa Mtanzania wa kwanza kushika kiti hicho. Matawi yakafunguliwa mikoani: Mwanza, Iringa, Bukoba na kwingineko.

Kisha ukaja 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na hapo ndipo kazi ya maktaba ilipoonekana waziwazi. Mkulima wa Kanda ya Ziwa alijifunza herufi kwa kitabu cha kisomo kilichoeleza kilimo cha pamba. Akishakimaliza, asome nini? Asipopata cha pili na cha tatu, baada ya misimu michache kusoma humtoka. Ndiyo sababu zikaanzishwa maktaba za vijijini. Nyingi hazikuwa na jengo; zilikuwa kabati la vitabu shuleni au katika ofisi ya kijiji, na funguo zikiwa kwa mtu mmoja aliyeaminiwa. Kwangu mimi, makabati yale ni sehemu ya kujivunia kuliko zote katika historia hii. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zikaadimika, vitabu vipya vikakoma kufika, na mengi yakafifia.

Sheria mpya ya 1975 ilileta Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na 1989 chuo cha wakutubi kikaanzishwa Bagamoyo.

Leo kwenye meza ya maktaba utamkuta mtahiniwa wa kujitegemea akirudia hesabu za kidato cha nne, miaka mingi baada ya kuacha shule. Hana mwalimu wala ada ya tuisheni. Ana meza, taa na kitabu ambacho karatasi yake ya tarehe imejaa mihuri ya waliokiazima kabla yake. Mwenzake wa kijijini hana hata vitu hivyo. Wilaya nyingi bado hazina maktaba ya umma, na huko ndiko bajeti ijayo inapopaswa kuanzia.