Pweza wa Nazi Si Chakula cha Kuonea Haya



Msimu wa harusi ukikaribia, swali huwa lile lile: wageni tuwape nini? Jibu la haraka ni biriani na kuku wa barafu kutoka ng'ambo, hata kwa mkopo. Mgahawa mdogo wa ufukweni kijijini, unaopika pweza wa nazi, samaki wa kupaka na muhogo uliochimbwa asubuhi ile, tunauona ni wa watalii au wa wasio na uwezo. Leo tuitazame historia ya sahani hiyo kabla hatujaidharau.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pana msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Waliosali humo waliishi kando ya bahari na kitoweo chao kilitoka humo. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita Mombasa. Aliwasifu watu wake kwa ucha Mungu, akaeleza misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na akaandika kwamba chakula chao ni ndizi na samaki.

Nazi na mchele vilishafika pwani yetu kutoka Asia karne nyingi kabla yake. Muhogo na pilipili asili yake ni bara la Amerika, na vilisambaa huku baada ya Wareno kuingia katika bahari hii. Mashamba ya karafuu yakaenea karne ya 19. Kwa hiyo chungu kimoja cha kijijini kimebeba safari za bahari nzima.

Kimebeba pia jasho la wanawake. Wakati wa bamvua, maji yakitoka, mama zetu hushuka mwambani kuchokoa pweza mashimoni. Kilimo cha mwani kilipoanza Paje mwaka 1989, wanawake ndio walioingia kwa wingi, wakapata fedha yao wenyewe mkononi. Siku hizi baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Subira hiyo inahitaji mnunuzi. Mgahawa wa kijiji ukikosa wateja, mama wa mwambani ndiye wa kwanza kurudi na kapu lisilouzika.

Dini yetu nayo haijatuacha gizani. Katika Surat An-Nahl, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ametutiishia bahari ili tule humo nyama iliyo mbichi. Na Mtume (s.a.w.) alipomuoa Bi Safiyya, njiani kutoka Khaybar, lilitandikwa busati la ngozi, watu wakaleta walichonacho: tende, samli na jibini kavu. Hiyo ndiyo ikawa walima. Nani kati yetu ana harusi tukufu kuliko hiyo?

Basi, bibi harusi mtarajiwa, zungumza mapema na wapishi wa kijijini kwenu. Waulize siku yako inaangukia bamvua au maji mafu. Ikiwa ni maji mafu, pweza huwa adimu, hivyo agiza changu au jodari. Wape wageni kilicho freshi, usianze ndoa na deni la kuku wa barafu.

Allah azibariki ndoa zetu na riziki za mama zetu. Amin.